Ni Wapi Shoka Lilipoangukia?

Somo: 2 Wafalme 6:1-7
Maandiko ya kusaidia: Kumbukumbu la Torati 19:5, Mithali 11:1, Luka 14:28-30



Kwa wale ambao hamkuwa ibadani Jumapili, tulifungua kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 6. Wanafunzi wa manabii walimwendea Elisha wakamwambia kwamba mahali wanapokaa pamekuwa padogo. Wakaomba waende mto Yordani, kila mmoja akate boriti yake, wajenge. Elisha akakubali, na walipomsihi afuatane nao, akaenda. Walipokuwa wakikata miti, mmoja wao akainua shoka, chuma kikachomoka kwenye mpini, kikaingia majini. Kijana yule akapiga kelele kwa uchungu, kwa maana shoka lenyewe lilikuwa la kuazima.

Kabla hatujaenda mbele, angalieni mambo mawili. La kwanza, huyu kijana hakuwa mvivu. Alikuwa mwanafunzi, tena alikuwa kazini. Wengine labda walikuwa wamepumzika kivulini, yeye yuko na shoka. La pili, baada ya chuma kuanguka, mpini ulibaki mkononi mwake. Mpini ulikuwa mzima. Mtu akimtazama kwa mbali angedhani bado ana shoka. Lakini mpini haukati mti.

Leo nazungumza na mtu aliyebaki na mpini. Nazungumza na wewe uliye na shahada ukutani, ina muhuri wa dhahabu na utepe mwekundu. Ulivaa joho, mama akapiga vigelegele, mkachinja mbuzi. Halafu siku moja ukaambiwa chuo kile hakitambuliwi. Nimeketi ofisini na watu wa namna hii zaidi ya mara moja. Hawaongei kwa sauti. Wanaomba kwanza mlango ufungwe. Leo mlango uko wazi, na neno la Bwana linakuuliza swali moja: ni wapi lilipoangukia?

1. Mpini si shoka

Tuanze na ukweli, kwa sababu wengi wetu tunaangamia kwa kukosa maarifa. Hapa Kenya, kazi ya kuidhinisha vyuo vikuu ni ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, ile tunaita CUE. Iliundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ikachukua nafasi ya tume ya zamani iliyokuwako tangu 1985. Chuo kikuu kikikamilika hupewa hati ya idhini. Kile ambacho bado kinajengeka kinaweza kupewa barua ya idhini ya muda. Vyuo vya diploma na ufundi vinaangaliwa na TVETA. Na kama ulisoma nje ya nchi, shahada yako inapelekwa CUE, wanaichunguza, wanakupa barua ya kuitambua.

Kuna jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Chuo kinaweza kuwa halali kabisa, lakini kozi fulani ndani ya chuo hicho haijaidhinishwa. Kwa hivyo ukimpeleka mtoto, usiulize chuo peke yake. Uliza na kozi. Kuuliza si kukosa imani. Luka 14 Bwana Yesu mwenyewe alifundisha kwamba mtu akitaka kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama, asije akaweka msingi halafu watu wakamcheka.

Sasa msichanganye vitu vitatu. Kuna cheti ghushi, ambacho mtu amechapisha jina la shule ya kweli ambayo hakuimaliza. Mwanzoni mwa mwaka 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wake ulipata zaidi ya vyeti 2,000 vya namna hiyo katika ofisi za serikali. Pili, kuna shahada ya kununua, unalipa tu na inakuja. Mwaka 2015 gazeti la The New York Times lilifichua kampuni ya Axact ya Karachi, Pakistan, iliyokuwa na tovuti nyingi za vyuo ambavyo havikuwako, ikauzia watu duniani kote shahada. Na tatu, kuna mtu aliyeingia darasani kweli, akaandika mitihani kweli, akalipa karo kweli, lakini chuo hakikuwa na ruhusa ya kumpa shahada.

Watu hawa watatu hawako sawa mbele za Mungu, na mimi siwezi kuwahukumu kwa pamoja. Mmoja alidanganya, mwingine alidanganywa. Lakini mbele ya mti wote wako sawa, wana mpini tu.

Niseme na hili, nisieleweke vibaya. Kuna shule za Biblia ambazo hazitoi shahada na hazijawahi kusema zinatoa. Zinafundisha neno, zinakupa cheti cha huduma, basi. Hapo hakuna ubaya. Neno ulilojifunza pale halitapotea. Ubaya unaanza pale shule ya miezi sita inapokuita daktari na wewe unaitika. Shahada ya heshima nayo ni heshima, hujaisomea. Mithali 11:1 inatuambia Bwana anachukia mizani ya udanganyifu na anapendezwa na jiwe la uzani uliokamili. Mizani si ya wauza nyama peke yao, wapendwa. Hata jina lililo mbele ya jina lako ni jiwe la uzani.

2. Usiendelee kupiga mti kwa mpini

Yule kijana angeweza kunyamaza. Fikirieni. Wenzake walikuwa wanakata miti, kelele ni nyingi, hakuna anayemwangalia. Angeweza kuendelea kuinua mpini na kuushusha, akitoa jasho kama wengine. Jioni angeulizwa boriti yake iko wapi.

Wako watu wanaishi hivyo. Kila wakisikia kuna ukaguzi wa vyeti kazini, tumbo linawauma. Wanakataa kupandishwa cheo kwa sababu cheo kinakuja na kuangaliwa faili. Bosi akiita, wanaanza kuomba kwa lugha. Ndugu yangu, hayo si maisha ya ushindi. Huko ni kupiga mti kwa mpini.

Tena kuna hatari kubwa kuliko aibu. Soma Kumbukumbu la Torati 19:5. Torati inatoa mfano wa mtu aliyekwenda msituni na jirani yake kukata kuni. Anainua shoka, chuma kinachomoka kwenye mpini, kinampata jirani, jirani anakufa. Mungu alimwekea mtu huyo mji wa kukimbilia, kwa sababu hakukusudia. Lakini jirani alikuwa amekufa tayari.

Chuma kisichokaa imara kinaumiza mtu mwingine. Kama ni mambo ya dawa, kuna mgonjwa. Kama ni ujenzi, kuna watu watalala ndani ya hiyo nyumba. Kama ni ualimu, kuna watoto wa wenyewe. Kama ni madhabahu, kuna roho za watu. Kwa hivyo usiseme, "Ni karatasi tu, pasta, mimi kazi naijua." Labda unaijua. Basi kubali upimwe.

3. Onyesha mahali

Sasa tazama Elisha. Hakumuuliza kijana kwa nini aliazima shoka. Hakumuuliza kwa nini hakukaza mpini. Hakumwambia, "Na wewe ni mwanafunzi wa manabii wa aina gani?" Alimuuliza mahali tu. Na yule kijana akaonyesha mahali.

Hapa ndipo wengi tunakwama. Tunataka chuma kielee bila sisi kunyosha kidole. Tunaomba, "Bwana nifungulie mlango," lakini hatutaki kusema ni mlango upi tulioufunga, au uliofungwa mbele yetu. Mungu anajua kilipoangukia. Anakuuliza ili wewe useme.

Kuna dada wa kanisa hili ambaye amenipa ruhusa niwaambie habari zake bila kutaja jina lake wala la chuo. Alimaliza kidato cha nne na gredi ya C. Kwa kawaida kuingia shahada moja kwa moja kunahitaji C+. Chuo fulani kikamwambia hiyo si shida, lete pesa, utamaliza shahada ya biashara kwa mwaka mmoja na nusu. Akachukua mkopo kwa sacco. Alisoma jioni baada ya kufunga kibanda cha mboga, na alisoma kwa bidii. Akafuzu. Kwa shahada ile akapata kazi ya uhasibu katika shule moja ya kibinafsi.

Miaka miwili baadaye aliomba kazi serikalini, akaambiwa alete uthibitisho wa chuo. Akaenda kuuliza. Chuo hakikuwa kwenye orodha. Aliniambia alitoka pale akatembea mpaka nyumbani, hakukumbuka kupanda matatu.

Hakuna mtu shuleni kwake aliyekuwa amejua. Angenyamaza, hakuna angeuliza. Alikuja tukaomba siku tatu. Siku ya nne akaniambia, "Pasta, sitaki kulala na hii kitu." Akaandika barua moja fupi, akampelekea mwalimu mkuu mkononi. Akasema alisoma kweli, alidhani chuo ni halali, sasa amejua si halali, na hataki faili lake liseme uongo.

Ningependa niwaambie mwalimu mkuu alimkumbatia na kumpandisha cheo. Haikuwa hivyo. Alitolewa kwenye uhasibu akawekwa karani wa stoo, mshahara ukapungua. Wenzake wakaongea. Kuna mmoja wa humu kanisani aliyemwita "digrii hewa" hadi nikamkemea. Na mkopo wa sacco ukaendelea kukatwa kila mwezi, akilipia shahada iliyokufa.

Lakini alikuwa ameonyesha mahali. Kutoka siku ile hakuwa na la kuficha.

4. Nyosha mkono wako

Elisha akakata kijiti, akakitupa pale pale palipoonyeshwa, chuma kikaelea. Wahubiri wengi wamekiona kijiti kile kama mfano wa msalaba, na mimi nasema amina. Mti uliotupwa katika maji yetu ndio unaoinua kilichozama. Lakini usifunge Biblia kabla ya mstari wa 7. Nabii alimwambia kijana akiokote, na kijana akanyosha mkono wake mwenyewe akakitwaa. Muujiza ulileta chuma juu. Mkono ulikuwa wake.

Neema haibadilishi mpini kuwa shoka. Neema inakupa nafasi ya kupata shoka la kweli. Kwa hivyo nawapa hatua, mziandike.

Kwanza, hakikisha. Usiamini uvumi, wala usiamini wakala wa chuo. CUE hutoa orodha ya vyuo vinavyotambuliwa. Andika barua, pata jibu la maandishi.

Pili, acha kutumia ile shahada. Itoe kwenye wasifu wako wa kazi leo. Kama umeajiriwa kwayo, na hasa kama ni kazi ya umma, tafuta wakili akushauri namna ya kusema. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imewapeleka watu mahakamani na kudai mishahara waliyolipwa kwa vyeti ghushi. Wakili hakutafutii njia ya kuficha. Anakusaidia kusema ukweli kwa utaratibu. Zakayo alipokutana na Yesu alizungumzia pesa za watu siku hiyo hiyo.

Tatu, anza pale gredi yako inapokuruhusu. Hapa kiburi kinakufa. Kama una C, anza diploma. Yule dada alianza diploma ya usimamizi wa biashara kwa mitihani ya KNEC, akiwa darasani na vijana wa miaka ishirini waliomwita "mama". Alipomaliza vizuri, chuo kikuu halali kilimpokea kwa diploma ile. Wengine mna ufundi mliojifunzia kazini. KNQA, mamlaka inayosimamia viwango vya vyeti, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, ina utaratibu wa kupima ujuzi kama huo ili upewe cheti. Kama huwezi kuacha kazi, kuna Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, ambacho hufundisha kwa intaneti. Karo ikikulemea, uliza HELB, lakini jua wanakopesha wanaosoma vyuo vinavyotambuliwa.

Nne, usitarajie masomo ya chuo cha kwanza kuhesabiwa. Hili linauma. Mtu anasema, "Lakini hisabati hii niliisoma!" Ndiyo, uliisoma, na utaifanya tena. Lakini utaona kitu. Dada yetu aliniambia kwamba mara ya pili alikuta mambo ambayo chuo cha kwanza kiliyaruka kabisa. Alikuwa akiandika hesabu za shule bila kujua kwa nini anaziandika hivyo. Na yale aliyokuwa ameyajua yalimsaidia, akawa anawafundisha wale vijana usiku kabla ya mtihani. Jasho lako la kwanza halikupotea lote, wapendwa.

Tano, vumilia. Diploma na shahada zilimchukua miaka sita kwa jumla, kwa sababu kuna muhula alikosa karo akakaa nje. Alifuzu akiwa na miaka 43. Leo ni mhasibu katika shirika ambalo, kabla ya kumwajiri, liliandikia chuo barua kuuliza kama shahada ni yake. Aliniambia wiki zile za kungoja jibu alilala usingizi mzuri.

5. Wenzake walikuwa kando ya mto

Neno la mwisho ni kwa kanisa. Yule kijana alilia mbele ya watu. Wenzake wote walikuwako na miti yao. Biblia haisemi kwamba kuna aliyemcheka. Na Elisha alikuwa pale kwa sababu kuna mmoja wao aliyemsihi aende nao.

Je, sisi ni watu ambao mtu anaweza kulia mbele yetu? Ama tukisikia, tunabeba hadi kwenye kikundi cha WhatsApp? Nawaambia ukweli, shahada hewa zinanunuliwa pia kwa sababu makanisa yamefanya vyeo kuwa viti vya mbele. Tukimsalimia mtu mwenye cheo kwa mikono miwili na mfagiaji kwa kidole kimoja, tunawatuma watu sokoni kununua vyeo. Mimi niiteni Pasta. Inatosha. Fundi mwenye cheti halali cha ufundi ana shoka lenye chuma, na hatusimamishi mtu mbele ya fundi huyo kwa sababu ya muhuri usio na kitu.

Wazee wa kanisa wamekubali mambo mawili. Jambo la kwanza, kila Jumamosi ya pili ya mwezi, baada ya maombi ya asubuhi, walimu walio kati yetu watakaa na mzazi au kijana yeyote anayetaka kusaidiwa kuangalia chuo na kozi kabla ya kulipa hata shilingi. Jambo la pili, sadaka ya elimu haitakuwa ya watoto wa sekondari peke yao. Itasaidia pia mtu mzima anayerudi darasani. Na mtu akija kuomba msaada huo, kamati haitamuuliza, "Kwani wewe si ulifuzu?"

Ndugu yangu, dada yangu, usitupe mpini kwa hasira. Usiseme mambo yamekwisha. Mpini ni mikono yako, ni bidii yako, ni zile usiku ulizokesha. Utauhitaji chuma kikirudi. Lakini usilale leo ukiwaambia watu kwamba una shoka. Njoo ofisini wiki hii, au mwendee mzee wa eneo lako. Funga mlango kama unataka. Halafu onyesha mahali.

Tuombe:

Baba, wewe uliyekuwako Yordani uko hapa. Mwone aliyedanganywa, mfute machozi. Mwone aliyedanganya, mpe toba ya kweli na ujasiri wa kurudisha. Mwone anayeogopa kuanza tena akiwa na mvi, mtie nguvu. Zuia ulimi wetu usimwaibishe ndugu yetu. Inua kilichozama, na utufundishe kunyosha mkono. Katika jina la Yesu, amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kwa nini Elisha aliuliza mahali kabla ya kufanya muujiza?
2. Ni mambo gani katika kanisa letu yanayomfanya mtu aone haya kusema hana kisomo?
3. Je, kuna mtu katika ushirika wenu anayetaka kurudi masomoni? Kikundi kinaweza kumbebea nini: karo, watoto, au muda wa kusoma?